Makala Zisizofika Iringa

Kwa jina la Mola, ajuaye lililo kifuani kabla halijapanda ulimini. Watu wa kisa hiki ni watatu: Tusajigwe, binti muuza pembejeo wa Iyunga, Mbeya, Mzee Kalinga wa Iringa, mkulima wa viazi aliyepasuliwa moyo na kushonwa, na Benedicta, mkewe. Wa nne, Aroni, babaye Tusajigwe, yuko kaburini tangu Machi. Mzee Kalinga, sahibu yake tangu dawati la shule, alikuwa kitandani hospitalini siku ya msiba, na daktari akakataza habari za kushtua. Hakuambiwa.

"Kamwene, binti! Leo tena patupu," sauti ya Mzee Kalinga ilinguruma simuni kwa salamu ya kwao kabla jua halijachomoza vyema. "Makala mmeianika au mmeila?"

Tusajigwe alibana meno. Kwa miaka sita Aroni aliandika makala ya kilimo kila siku katika tovuti yake. Tovuti ilikuwa na mlisho, yaani orodha inayojiandika upya kila makala mpya inapowekwa. Simu ya msomaji aliyejiunga huenda yenyewe kuichungulia kila saa, ikiona jipya hulibeba hadi kwa mwenyewe. Baada ya mazishi, binti ndiye aliyeandika, kwa jina la baba na kwa mtindo wa baba, ili Iringa pasishtuke.

"Shikamoo, baba. Nimeiweka tangu saa kumi na moja. Chunya wameipata, Njombe wameipata."

"Marahaba. Basi simu yangu haina adabu. Umekunywa chai?"

"Bado, baba. Nahangaika na mlisho wako."

"Kunywa kwanza. Mlisho haufi njaa."

Aliukagua mstari kwa mstari. Alama moja ikikosewa, orodha nzima haisomeki. Naye hakuona kosa. Akauacha muundo wa mlisho uitwao RSS, akajaribu mwingine uitwao Atom. Kesho yake simu ikaita: patupu. Akamwita fundi wa mitandao, fundi akakuna kichwa, akaaga. Patupu.

Wiki kumi na moja zikapita hivyo. Kila alfajiri mzee aliuliza mlisho, kisha chai, kisha usingizi, na hata iwapo bati la jikoni limeacha kuvuja. Lakini kuzungumza na Aroni hakuomba hata siku moja. Kwa hilo Tusajigwe alimshukuru Mungu, wala hakulichokonoa.

Lakini mengine yote yalimuudhi. Alikuwa akiamka gizani kumwiga marehemu neno kwa neno, huku machozi yakilowesha meza, na malipo yake ni lawama! Jumamosi hasira ikamzidi kimo. Akafunga duka, akapanda basi la Iringa.

Benedicta alimkuta mlangoni, akamkumbatia muda mrefu kuliko desturi.

"Mzee yuko shambani, mwanangu. Kaa, ule kwanza."

"Nipe simu yake, mama. Leo ama mlisho ama mimi!"

"Iko kwenye chaji. Lakini si umngoje mwenyewe?" Benedicta alisema, akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Nimengoja wiki kumi na moja, mama."

Akaichomoa, akafungua programu ya kusomea milisho, tayari kulikamata kosa.

Makala zote sabini na saba zilikuwamo. Kila moja ilifika alfajiri yake, na kila moja ilikuwa imesomwa. Chini yake kabisa, imewekewa nyota isipotee, ilikaa tanzia ya Aroni, ile ambayo mjomba wake aliibandika tovutini asubuhi ya msiba, na Tusajigwe mwenyewe akaifuta baada ya saa moja, simu hii ikiwa imekwisha kuibeba.

Ewe Mola, warehemu waliotangulia, na waliobaki uwatunze.