Darubini Aliyoichagua Verlin

"Chukua hii," alisema Verlin Haugen, akaisukuma ile darubini ya kulengea juu ya kioo cha kaunta kabla moyo wake haujageuka. "Hii haitakuangusha."

Alijua itamwangusha. Aliwahi kufunga ya aina hiyohiyo kwenye bunduki yake, na baada ya risasi chache tu teke la bunduki likaivuruga: unalenga katikati, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Aliishia kuitupa jalalani.

Nyuma ya kaunta, Rudy Kolstad, mwenye duka, aliacha kufuta mtutu aliokuwa ameushika. "Hiyo, Verlin? Una hakika?"

"Kwani anakwenda vitani? Anapiga vibao vya chuma Jumapili."

Janelle Ostby alicheka. Alikuwa muuguzi kwa daktari wa meno, na mwaka ule ndio aliojiunga na klabu ya shabaha ya mji wao wa Tarkiln, akipigia bunduki ya kuazima. Sasa alitaka yake mwenyewe, na alimwomba Verlin amchagulie. Bunduki Verlin alimchagulia vizuri: nzito kiasi, kifyatulio chepesi, haikwami hata ukiiburura vumbini. Hapo asingeweza kudanganya, maana kila mtu klabuni angeona. Lakini ubovu wa darubini hauonekani kwa macho.

"Mzee Verlin akishasema, mimi nani nibishe?" alisema Janelle. "Nifungie, Rudy. Nitaipitia kesho."

Verlin alitoka dukani mbele yake, akasahau hata kumfungulia mlango.

Alikuwa bingwa wa mashindano ya vuli tangu watu wa Tarkiln wakiwa na kiwanda cha mbao. Kiwanda kilifungwa, mkewe Arlys alizikwa, na mwanawe aliyeko Seattle hupiga simu Krismasi. Kilichobaki ni kwamba akiingia mgahawani asubuhi, mtu husogeza kiti na kusema, "Keti, bingwa." Na sasa kaja huyu binti. Wiki iliyopita, kwenye karatasi ya shabaha, alitoboa matundu yake yakabanana hata ungeyafunika kwa kizibo cha soda, kisha akageuka na kumwuliza yeye, yeye Verlin, "Mzee, nakosea wapi?"

Siku ya mashindano theluji ya kwanza ilikuwa imeshapaka vilele vya milima. Verlin aliomba nafasi ya mwisho kabisa ya uwanja, mbali na Janelle, na hakuthubutu kutazama upande ule. Alilala kifudifudi nyuma ya bunduki yake akapiga kama mtu anayetaka jambo liishe arudi kwake.

Alishinda. Alishinda kwa chupuchupu, na hilo ndilo lililomchoma. Kama binti amefika pale na takataka ile juu ya mtutu, angekuwa na kitu cha maana si angemwacha mbali?

Janelle alikuja kumpa mkono. "Hongera, mzee. Mwakani nakukamata."

"Upepo ulikusumbua," alisema Verlin, macho chini.

"Upepo ulitupiga sote."

Wakampigia makofi. Mtu akampiga bega akisema chuma cha zamani ni chuma cha zamani. Alikibeba kikombe mpaka nyumbani, akakiweka rafuni, akakigeuza maandishi yatazame ukuta.

Kuanzia hapo kahawa ya mgahawani hakuimaliza. "Keti, bingwa" ikawa kama mtu anamtemea mate. Akaacha kwenda. Duka la Rudy alilipita kwa barabara ya nyuma, na mara mbili alipoliona gari la Janelle kwenye maegesho ya sokoni, alibaki ndani ya lake mpaka lilipoondoka. Bunduki yake hakuweza tena kuigusa. Ilipofika siku ya gulio la bunduki kule Billings, aliipeleka, akamwuzia mtu wa Idaho ambaye hakumwuliza hata jina. Kwa fedha ile akanunua darubini bora kuliko zote zilizokuwa mezani, akarudi moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Janelle.

Janelle alifungua, unga mpaka kwenye viwiko. "Mzee, umepotea. Ingia, pai inatoka sasa hivi."

Verlin hakuingia. Alisimama kofia mkono mmoja, boksi mkono wa pili. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, na sasa yalimwishia.

"Ile darubini niliyokuchagulia," alianza.

"Ilikuwa mbovu, najua."

Uso ulimwaka Verlin. Alitaka kutazama pembeni akajizuia. "Unajua?"

"Si Rudy aliniambia? Nilipokwenda kesho yake nikakuta ameshanifungia nyingine, ile anayoificha kabati la juu. Akasema umempigia simu jioni ileile kumwambia umekosea, nisipewe ile, nipewe iliyo bora dukani." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Nimekutafuta kila mahali nikushukuru, nawe unanikwepa kama nakudai."

Jioni ile Verlin hakumpigia simu mtu yeyote. Akalitazama boksi mkononi mwake.

"Wangapi wangefanya hivyo, mzee? Kumpa mpinzani wako silaha iliyo safi?" Janelle alimshika mkono wenye boksi, akamvuta taratibu kuelekea jikoni. "Siku ile nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Na bado ukanishinda."