Kucheka Wima

Mke alisimama mbele ya mumewe na glasi ya maji mpaka alipoona kidonge kimeshuka kooni. Kisha akamwamuru afungue mdomo, akachungulia chini ya ulimi. Leo walikuwa wanakwenda kula kwa wazazi wake, na hakutaka mzaha.

"Mzaha ndio tunaoufuata," mumewe alisema.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia, hodari wa kazi, ulimi mkali, uso mkavu. Ukweni walimbandika jina la Hakimu, maana miaka yote ya ndoa alikaa mezani kwao kama mtu anayesubiri kusoma hukumu. Baba mkwe, dalali mstaafu wa mnada, alijiona bingwa wa vichekesho. Alikuwa navyo vitatu. Alichokienzi zaidi ni cha punda na karani wa bandari, na katika nyumba ile hakuna aliyegusa sahani kabla punda hajafika bandarini. Mzee alianza kukicheka mwenyewe kabla ya katikati, meno yote nje, na meno yenyewe alitengenezewa bure na mkwewe. Wanawe walipiga meza. Binti mkubwa alicheka kwa mlio wa king'ora. Hakimu alitazama saa ya ukutani.

Dharau haifichiki. Binti mkubwa ndiye aliyelianzisha: mwanamume anayemdharau baba anamdharau na mwana. Mzee akatoa neno kwamba mkwe asipocheka safari ijayo, binti yake habanduki pale. Mke, aliyechoka kuwa nyasi baina ya fahali wawili, akamwambia mumewe atarudi peke yake. Wala hakuwa anatishia tu, kwani cherehani yake ilikuwa imeshatangulia kwa wazazi wake.

Hakimu alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, angemtolea figo. Kucheka ndiko kulikomshinda.

Ugonjwa ndio uliomwokoa. Asubuhi moja kazini kwa Hakimu, wakili mmoja mwenye makuu alikuwa akijaribu meno mapya ya juu, huku akimfokea karani wa pale kwamba yanabana. Katikati ya kufoka, meno yakaruka yakatumbukia kwenye chai ya karani. Hakimu akaangua kicheko. Taya likalegea, magoti yakakunjika, akateremka taratibu mpaka sakafuni, macho wazi, anasikia kila kitu na hawezi kuinua hata kidole. Wenzake wakadhani amepooza. Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Aliwahi kuanguka kwa kinyozi, kituo cha basi, hata bafuni kwake, akawa anaficha kwa aibu.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliwaeleza kama anayesoma bei za sokoni. Usiku mtu anapoota, ubongo hukata mawasiliano na misuli, asije akainuka akapigana na kabati. Kwa mgonjwa huyu swichi hiyo ni legevu, na kicheko kinaizima mchana kweupe. Dawa ingezifanya kemikali fulani zikae muda zaidi kati ya neva na neva, ziishikilie swichi isianguke. Mke akauliza kama ni kicheko chochote tu.

"Hapana," daktari alisema. "Cha adabu, cha kumfurahisha bosi, hakimwangushi mtu. Ni kile kinachokuja bila kuombwa."

Mke alisikia nusu aliyoitaka. Huko nje ukumbini akamshika mumewe mikono huku machozi yakimlengalenga. "Kumbe miaka yote ulikuwa unajizuia usije ukaanguka mbele ya baba."

Mumewe aliuliza dirisha la dawa liko wapi.

Habari ilifika ukweni kabla ya wao kufika nyumbani. Wakamsamehe kwa kishindo, kama watu wanaomsamehe mtu aliyezaliwa bila masikio. Binti mkubwa alitangaza kwamba yeye alijua zamani. Binadamu mzima hawezi kumsikia punda yule asicheke, lazima ana kasoro kichwani. Mzee alisema atasubiri dawa ikolee, kisha amkaribishe mkwewe upya.

Dawa ikakolea. Jioni moja mke alimwigiza dada yake anavyopuliza supu, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Mumewe alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na miguu ikasimama imara. Mke akamzunguka akimgusagusa magoti.

"Unacheka wima," alimwambia, akalia kwa furaha.

Sasa walikuwa mezani. Mashemeji wawili walikuwa wamesogeza viti karibu na Hakimu, wamdake ikibidi. Mzee alisimulia bila haraka, kwa sauti ya mnada, akikitandaza kila kituo. Punda akapakiwa. Punda akafika bandarini. Karani akauliza swali lake, punda akajibu. Mzee akajipiga mapaja, wana wakapiga meza, king'ora kikalia, kisha wote wakamgeukia mgonjwa wao.

Uso ulikuwa mkavu vilevile. Chini ya meza mkewe alimfinya goti.

Mzee hakukasirika. Alimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa na shibe ya mtu aliyeshinda. Alimwekea mkono begani.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Labda dawa haijaingia."

Ilikuwa njia nyeupe ya kupitia. Mashemeji walishaanza kutikisa vichwa kwa masikitiko, na mke alikuwa akimwitikia baba yake kwa niaba ya mumewe. Alichotakiwa Hakimu kufanya ni kuitikia tu, ale chakula chake, kisha arudi nyumbani na mkewe na cherehani.

"Imeingia, baba," alisema.

Mzee akauondoa mkono begani. Kisha mkewe akaangua kicheko ambacho hakikuwahi kusikika katika nyumba ile, akacheka mpaka akaishika meza kwa mikono miwili.