Samaki wa Pudentienne

Umeme ulikatika mchana, na mashine ndogo iliyokuwa ikitia hewa ndani ya maji ikanyamaza.

Pudentienne alikuwa amehangaika wiki nyingi na lile sanduku la kioo sebuleni kwake Kasenga, akichanganya maji na chumvi ya bahari, kabla kaka yake hajamletea samaki wawili wenye mistari kutoka Dar es Salaam. Sasa walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta pumzi.

Mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Bwegera kuwasalimia, alikuwa akimcheka tangu asubuhi. "Ziwa iko hapa chini, na weye unatia maji chumvi kama mboga."

Pudentienne akachota maji kwa kikombe, akayamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Akachota tena, akamwaga tena, akabadilisha mkono, akaendelea.

Mama mkwe akainama kwenye kioo. Mashavu ya samaki mdogo yalikuwa yakifunguka na kufungika haraka haraka. Akakunja mkono wa nguo yake, akachukua kikombe.

"Pumzika, mwanangu. Miye nimezoea kupepeta mpunga."

Maji yakatoa povu. Tone moja likamrukia mdomoni, akalilamba.

"Kumbe bahari iko hivi," akasema, akacheka.

Polepole samaki wakashuka chini, wakaanza kuzunguka.

Umeme uliporudi, Pudentienne alinyoosha mkono apokee kikombe.

"Ngoja kwanza," mama mkwe akasema, akichota tena. "Iko wananiangalia."