Jalada Namba Arobaini na Moja

Jina kwenye jalada lilifunikwa kwa plasta. Ndiyo sheria ya daktari bingwa: kikaoni wagonjwa hutajwa kwa namba, mtu asije akampendelea ndugu yake. Aliitunga mwenyewe, na aliipenda karibu sawa na alivyoipenda sauti yake.

"Arobaini na moja," alisoma. "Kansa ya titi, miaka sita nyuma. Sasa uvimbe kwenye pafu. Imesambaa hiyo. Hakuna upasuaji, arudi nyumbani na dawa za maumivu."

Mpimaji wa maabara, aliyeingia akihema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, alisogeza mbele hadubini yenye kioo cha sampuli kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaubana ubavuni. Alisema seli za pafuni hazifanani kabisa na zile za titi. Hii ni saratani nyingine, imeanzia hapohapo, bado changa. Ikikatwa mwezi huu, mgonjwa anapona. Akirudishwa nyumbani, anakufa bure.

Madaktari wadogo walitazama viatu vyao. Daktari bingwa hakuinama. Tangu apewe kiti cha kuzunguka hajawahi kuinamia hadubini. Huenda alihofia kichwa kizito kiasi kile kikishuka hakitapanda tena.

"Dada wa vioo," alisema. Miaka minne jengo moja, na jina lake halijui. "Mtu mmoja, kansa mbili, kila moja na njia yake? Ana mkosi gani huyo?"

"Wa kutosha, daktari. Chungulia tu."

"Wewe umewahi hata kumwona?"

"Kila asubuhi."

"Ahaa. Umemzoea, unamhurumia. Ndiyo maana nikaweka plasta."

Akatia saini, herufi kubwa, mkia mrefu, kama anayezindua daraja. Kisha akauliza kama mgonjwa mwenyewe yuko karibu.

"Yupo. Kapanda ngazi ghorofa tatu."

"Mwite aingie. Nitamwambia mimi, maana wewe utamlisha matumaini ya uongo."

Mpimaji hakwenda mlangoni. Alivua koti jeupe, akalitundika, akazunguka meza na kuketi kwenye kiti cha mgonjwa. Taratibu, kwa mkono uleule wa kushoto, akabandua plasta kwenye jalada.

"Haya, daktari," alisema. "Niambie."