Mikono ya Kushoto

Delphine alimaliza mukono wa kushoto wa shati, akakata uzi kwa meno, akavuta kitambaa kingine na kuanza mukono mwingine wa kushoto. Pembeni ya mashine yake kulikuwa tayari na lundo la mikono ya kushoto. Wa kuume haukuwamo hata mumoja.

"Ba Delphine," Rodwell akamunong'oneza kutoka mashine ya jirani, "hilo shati ni la jongoo?"

"Ushone lako, Ba Rodwell."

Mwaka ule wa 1999 ukumbi wa misioni ya Nchelenge, huku Zambia, ulijaa washonaji kutoka kando yote ya ziwa Mweru. Walikuja wa Mununga, wakaja hata wa kisiwa cha Kilwa mle ziwani, mashine kichwani. Zilipoanza kulia zote pamoja, wavuvi wanaapa, samaki walihamia upande wa Congo.

Aliyewaleta ni muzungu mumoja. Jimbo lake, huko Canada kwenye theluji, lilikosa washonaji, na serikali ya jimbo ilikuwa imekubali: fundi atakayechaguliwa atapata makaratasi ya kukaa kule mpaka kufa, yeye na bibi ao bwana yake, na watoto wao. Watoto wa tumbo lao, muzungu alieleza. Si wa dada.

Hapo ndipo Delphine aliponaswa. Dada yake Fidélie alikufa wakati wakikimbia vita, akamuachia Gaëlle akiwa bado ananyonya. Delphine alimupa titi moja, na Camille wake titi lingine. Gaëlle hakujua mama mwingine. Na siku nyingine Delphine mwenyewe alisahau kwamba hakumuzaa.

Bwana yake, François, hakusahau.

"Gaëlle atabaki na shangazi yangu kule Mununga," alisema. "Atakua, atajifunza kukausha samaki. Ubaya iko wapi, Mama Camille?"

"Na mimi nikikataa kwenda?"

"Bon. Utarudi ng'ambo, kule Congo, kwa baba yako. Lakini Camille na Jean-Claude ni wa ukoo wangu, unajua. Watabaki kwangu."

Alijua. Kwa watu wao mutoto ni wa baba, na hakuna muzee ambaye angemupinga François. Akikubali, atamupoteza Gaëlle. Akikataa, atawapoteza wawili aliowazaa. Njia ya kubaki nao wote watatu ilikuwa moja tu: aende kwenye mutihani, akashindwe.

Lakini kushona vibaya hakungewezekana. François alikuwa amelalia viwiko dirishani, naye ndiye aliyeuza nguo zake sokoni. Mushono wa bibi yake aliujua kama anavyojua kikohozi chake. Akiuona umepinda, angejua ni kusudi.

Ndiyo Delphine akachagua mikono. Muzungu alikuwa amekuja na vitambaa vya shati vilivyokwisha kukatwa, kila sehemu na lundo lake, kola huku, migongo kule, mifuko pale, akasema tu: "Shoneni mpaka nitakaposema basi." Delphine angeshona mikono ya kushoto, mizuri kabisa, na mwisho asiwe na shati hata moja. Kutoka dirishani François angemuona tu bibi anayekanyaga pedeli bila kuinua kichwa. Na kweli, bwana alikuwa anatabasamu.

Muzungu alipita katikati ya mashine. Mashati hakuyaangalia, aliangalia vidole. Alimupita Rodwell, aliyekuwa anarukaruka kutoka lundo hadi lundo kama mutu anayekimbiza kuku, akasimama nyuma ya Delphine. Akachukua mikono miwili, akailaza mumoja juu ya mwingine. Akachukua mingine, akafanya vile vile. Kisha akasema kitu kwa mwalimu Rosaria, aliyekuwa anamutafsiria.

"Anauliza kwa nini haushone kola," Rosaria akasema.

"Kola inanishinda."

"Na mifuko?"

"Nayo vile vile."

Rosaria akajiangalia. Siku ile alivaa gauni lenye kola na mifuko minne.

"Ba mayo, mama," akasema polepole, "na hili nimevaa alilishona nani?"

"Mumutafsirie tu, mwalimu."

Akatafsiri. Muzungu akakuna kidevu, akauliza tena.

"Anauliza kama kitu kimoja hiki hakijakuchosha."

"Mumuambie hata kesho, hata mwaka kesho, ni mukono wa kushoto tu. Kingine sijui."

Muzungu akaangalia lundo, halafu akapiga makofi.

"Basi."

Mashine zikanyamaza. Rodwell alikuwa na mashati matatu yaliyokamilika, mazuri hata ya kuendea harusi. Muzungu akamupa mukono na kumushukuru, na watu wakaanza kumupongeza. Kule dirishani François alikuwa anatafuta kwa macho shati la bibi yake. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Pumzi ikamushuka Delphine mpaka tumboni, ya kwanza tangu asubuhi. Alifikiri atapita kwa jirani Thelma kuwachukua watoto, na Gaëlle atataka kubebwa mugongoni, na atamubeba.

Muzungu alirudi, akaweka mukono juu ya lundo la Delphine.

"Huyu," akasema.

Rosaria akamuomba arudilie. Akarudilia kwa maneno mengi, uso umemuwaka kwa furaha.

"Ba mayo," Rosaria akatafsiri, "anasema kule kiwandani hakuna mutu anayeshona shati. Mumoja ni wa kola, mumoja ni wa mifuko, kila siku, mpaka uzee. Yule mama wao wa mikono ya kushoto amezeeka, ameacha kazi."