Simba Chini ya Birika

Birika la kale la fedha lilirudi kutoka kwa jirani, Bi Raya, liking'aa kuliko lilivyokwenda, na hilo ndilo lililomtia shaka Bi Salha. Aliligeuza. Kitakoni hapo awali palikuwa na simba mdogo, alama ya mafundi wa Uingereza ya kuthibitisha kuwa fedha ni halisi. Sasa palikuwa na mikwaruzo mitupu.

"Shoga, hili ndilo nililokuazima?"

"Ndilo! Mimi na mabirika ya fedha wapi na wapi?" Bi Raya alicheka. "Siwezi kumrudishia mtu chombo kichafu. Nililisugua kwa jivu, ila huko chini uchafu ulikuwa umeganda. Nikautoa kwa msasa wa seremala."

"Uchafu gani?"

"Vidoa vidoa. Kimoja kama paka."

Bi Salha hakucheka. Mtu aliyebadilisha birika naye angekwaruza kitako, na angesema maneno hayo hayo. Lakini Ijumaa kijana wa Bi Raya angemuoa binti yake, na neno moja la wizi lingevunja ndoa hiyo.

Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake. Birika lake, kila likimimina, huacha tone moja litambae chini ya mdomo hadi tumboni.

"Kaa basi, tunywe chai."

Alimimina kikombe cha mgeni, akaliinua birika. Bi Raya alikuwa akizungumzia nguo za harusi. Kwenye ncha ya mdomo tone lilikuwa likivimba polepole, halijaanguka wala halijatambaa.