Rakaa Mbili za Bi Siwema

Huko Mirihi kila nyumba ina jicho ukutani. Anayeswali kwa kupunguza, rakaa mbili badala ya nne, huandikwa msafiri, na jina lake hubaki kwenye orodha ya watakaorudishwa Duniani. Anayekamilisha nne huandikwa mkaazi, na orodha humfuta.

Bi Siwema alikuwa msafiri kwa miaka kumi na tisa. Sanduku lake lilikaa mlangoni, kanga zimekunjwa, na udongo wa Pemba umo ndani ya kikopo cha maziwa. Aliswali peke yake, maana anayemfuata mkaazi katika swala hana budi kukamilisha nne pamoja naye.

Adhuhuri moja mjukuu wake Zuwena, aliyezaliwa hukohuko, alikuja na mswala begani.

"Bibi, mwalimu kaniruhusu kuswalisha. Nataka uwe wewe wa kwanza."

Bibi alilitazama sanduku. Alitaka kusingizia magoti. Badala yake akaenda kutia udhu.

Wakasimama bega kwa bega, kama wanawake wanavyoswalishana. Baada ya rakaa mbili wakakaa tahiyatu. Hapo ndipo siku zote Bi Siwema alipotoa salamu na kumaliza. Zuwena akaleta takbira, akainuka. Bi Siwema alibaki chini kitambo kidogo. Kisha akaegemeza mikono sakafuni, akamfuata.

Walipomaliza, ukuta ulisema kwa upole, "Karibu nyumbani, mkaazi."

"Bibi, mbona unalia? Nimekosea?"

"Hukukosea popote, mwanangu. Hebu nisaidie kulitoa lile sanduku mlangoni. Linatuzibia njia."